Kiwanja Namba 14, Bonde la Mwangwi

4 Februari

Kwa watengenezaji wa gemu la Bonde la Mwangwi, Sehemu ya Pili,

Salaam. Kwenye kasha la gemu lenu mmeandika, "Tuandikie maoni yako, tunayasoma yote." Nimeyachukua maneno hayo kama yalivyo. Mimi ni mchora ramani katika ofisi ya upimaji ardhi, meza ya tatu kutoka mlangoni, na Sehemu ya Kwanza niliimaliza mara sita. Mke wangu anasema mara tisa, lakini yeye anahesabu na zile nilizokata tamaa darajani.

Nianze na mazuri msije mkaniona mchawi. Joka limependeza. Yule kobe muuza dawa amechekesha nyumba nzima, hasa mama mkwe wangu, aliyekuja kwetu kwa wiki moja kutibiwa goti na sasa huu ni mwezi wa nne. Yeye ndiye mwenye rimoti ya gemu kuanzia alasiri. Mama mkwe haambiwi anyanyuke, kwa hiyo mimi nacheza akienda kuoga.

Sasa mabaya. La kwanza, mshale. Katika Sehemu ya Kwanza shujaa wenu, Binti Mfinyanzi, alikuwa anapotea, na mimi napotea naye, mpaka tunajifunza njia kwa jiwe hili na mti ule. Leo mmemwekea mshale mwekundu juu ya kichwa unaomwambia pita hapa, pinda pale. Msichana aliyepigana na joka hawezi kuaminiwa na njia panda? La pili, farasi wake anaongea mno. Nikisimama kidogo kutazama milima anauliza kama nimelala.

La tatu ndilo lililoninyima raha, nalo ni mto. Mto unatoka Ziwa la Chini, unapita kijiji cha wafinyanzi, unaishia Kilele cha Joka. Nimepima. Nilimtembeza Binti kando ya maji nikihesabu ngazi, zikawa mia mbili na kumi na mbili, zote za kupanda, na maji yanakwenda naye njia moja. Ili nisimsingizie mtu nilichora ramani kamili ofisini wakati wa mapumziko ya mchana, tena kwenye karatasi ya ofisi, maana ya daftari haishiki vipimo. Nimeweka mistari ya mwinuko, dira na skeli. Hata nyumba za kijiji nimezipa namba za viwanja, nisije nikarudia kupekua masanduku niliyokwisha kuyapekua. Nakala ndogo naiambatisha humu. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Hawakusema mkondo unafuata joka.

Ningeendelea, lakini jino linaniuma na kesho nakwenda kuling'oa.

Wenu,
Mchora ramani, meza ya tatu

*

15 Februari

Ndugu Mpenzi wa Michezo Yetu,

Tumepokea barua yako na tunakushukuru kwa kuchukua muda wako. Maoni ya wachezaji ni dira yetu. Yatafanyiwa kazi na wahusika kwa wakati muafaka.

Kuhusu mto, tungependa ifahamike kwamba Bonde la Mwangwi ni nchi ya uchawi. Kuna kobe anayeuza dawa na wewe mwenyewe umemsifu. Mtu anayemkubali kobe muuza dawa halafu akaukataa mto ana ubaguzi. Aliyeuchora mto huo ni mtu wa bidii na heshima zake, aliyekesha juu ya kona moja moja, na hakustahili maneno ya "mkondo unafuata joka", ambayo baadhi ya watu hapa wameyakariri.

Pole kwa jino.

Mjibu Barua,
Dawati la Maoni

*

24 Februari

Kwa: Mchora ramani, meza ya tatu

KUH: KUJIELEZA KUHUSU BONDE LISILOPO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Itakumbukwa kwamba kwa utaratibu wa ofisi hii, karatasi yoyote inayokutwa mezani saa tisa na nusu alasiri huchukuliwa na karani wa masjala, hupewa namba ya jalada na kuletwa kwangu kutiwa sahihi. Utaratibu huo niliuanzisha mimi ili kukomesha tabia ya kulaza kazi.

Tarehe 5 Februari, ukiwa umekwenda kung'oa jino, karani alikuta mezani kwako ramani ya mahali paitwapo Bonde la Mwangwi. Ilipewa namba. Sahihi yangu inayoonekana chini ya ramani hiyo ilipatikana katika mazingira ya wingi wa kazi.

Tarehe 12, mwalimu mstaafu wa jiografia alifika kuomba kiwanja kilicho karibu na maji. Karani alimpa Kiwanja Namba 14, ambacho kwa mwandiko wako kimeandikwa "kitupu, nyumba iliungua". Mwalimu alikodi gari, akapakia miche kumi na miwili ya michungwa, akakitafuta kiwanja chake siku mbili nzima. Kila alipofika aliuliza njia ya kwenda Kilele cha Joka. Watu walimpa maji ya kunywa na kumkalisha kivulini.

Unatakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini usihesabiwe kuwa umeghushi ramani kwa nia ya kuwagawia wananchi ardhi ya hewani. Utetezi wako wa mdomo kwamba "ni gemu tu, mkuu" haukuniridhisha. Kamati ya nidhamu itakaa tarehe 28 Machi. Hadi hapo umesimamishwa kazi. Ombi lako la kuleta runinga limekataliwa. Kamati haitazami runinga, inasoma karatasi zenye mhuri.

Mkuu wa Ofisi

*

26 Februari

Ndugu Mjibu Barua,

Asante kwa majibu. Jino limetoka, ila limeniachia balaa kubwa kuliko lenyewe. Naambatisha barua ya mkuu wangu uisome mwenyewe, maana mimi nikiisimulia watu wanacheka, na mimi sina la kucheka.

Ile karatasi niliisahau mezani. Miaka kumi na saba sijawahi kusahau hata kifutio. Kamati ikiamua nimeghushi, nitafukuzwa na kibali changu cha kuchora kitafutwa, na hakuna ofisi ya ardhi itakayonipa hata kazi ya kuchonga penseli. Nina mke, watoto watatu na mama mkwe mwenye goti. Yeye bado hajui. Ananitazama tu na kusema nina uso wa mtu aliyelamba ndimu.

Ninachoomba ni barua moja yenye mhuri, iseme kwamba Bonde la Mwangwi ni la kwenu, limo ndani ya gemu, na kwamba niliwaletea nakala ya ramani yangu tarehe 4 Februari, kabla mtu yeyote hajapewa kiwanja. Nakala mnayo, na bahasha ina tarehe ya posta. Mwizi gani anatuma mali ya wizi kwa mwenyewe?

Pamoja na hayo, kuhusu mto sijabadili mawazo. Nasema mapema tusije tukaelewana vibaya.

Mchora ramani

*

6 Machi

Kaka Mchora Ramani,

Hakuna Dawati la Maoni. Tuko watu saba katika vyumba vitatu juu ya duka la magodoro, na anayejibu barua ni yule aliyechelewa kuingia siku hiyo. Barua yako ya kwanza ilipofika niliyechelewa nilikuwa mimi. Na aliyeuchora mto ni mimi pia.

Nikueleze ulivyopanda. Mwanzoni kijiji kilikuwa bondeni, na mto wangu ulikuwa unateremka vizuri kabisa kutoka mlimani hadi ziwani. Zikiwa zimebaki siku tisa gemu litoke, bosi akasema anataka mchezaji akiwa kijijini alione joka kwa mbali, kwa hiyo kijiji kiwekwe mlimani. Nikamwambia, bosi, na mto? Akasema, mto nao uende na kijiji, maji yapande kukifuata. Nililia chooni. Halafu nikaupandisha.

Miezi miwili hakuna aliyegundua. Watu wanakimbizana na joka, nani atatazama maji? Kisha ikaja barua yako na ngazi zako mia mbili na kumi na mbili. Bosi aliisoma, akasahau kabisa aliyetoa amri, akaibandika ukutani pale penye birika la chai. Sasa hapa naitwa Mama Mto. Nikipanda ngazi za ofisi kuna mtu anasema, "Maji hayo yanapita." Wiki iliyopita nikasikia nchi ya Sehemu ya Tatu atapewa mtu mwingine kuichora, kwa sababu mimi sijui juu wala chini.

Nakala yako ninayo, bahasha ninayo, na mhuri uko kwenye droo yangu. Barua yako nitaiandika. Lakini mkono mtupu haulambwi, kaka yangu. Niandikie na wewe mistari miwili nimwonyeshe bosi, kwamba ulirudia kupima ukakuta ulikosea. Mto ni wa gemu. Haumnyweshi mtu wala haumzamishi mtu. Nani ataumia?

Dada yako,
Mama Mto (kwa hisani yako)

*

12 Machi

Dada,

Barua yako nimeisoma mara nne, ya nne nikiwa nimesimama.

Kwanza unisamehe. Nilipoandika yale maneno nilidhani nasema na kampuni. Sikujua kuna mtu anapanda ngazi. Ningejua ningeandika vile vile kuhusu mto, lakini lile la joka ningelimeza.

Sasa ombi lako. Jana nilirudi kupima. Nakuapia, tangu nianze kazi ya vipimo sijawahi kuomba nimekosea, ila jana niliomba. Mama mkwe alikaa pembeni akihesabu nami kwa sauti. Tulipofika juu zikawa mia mbili na kumi na mbili. Mama mkwe akaniuliza kwa nini nimekunja uso ilhali tumefika salama, na hapo nikashindwa, nikamweleza yote, ya kamati, ya barua yako, ya mistari miwili. Akasema, "Mwanangu, mimi mto huo ukipanda naona una haraka zake. Lakini wewe ukisema unateremka, nitajua umeogopa."

Siwezi, dada. Nisikuzungushe. Nikiandika kwamba nilikosea, nitasimama mbele ya kamati na karatasi moja ya kweli niliyoipata kwa karatasi moja ya uongo, na nikiulizwa swali nitakuwa sijui niko upande gani. Watu wanajenga nyumba juu ya mistari ninayochora. Wakinifukuza wanifukuze nikiwa najua mistari yangu ni safi.

Ninachoweza kukupa ni hiki, na sidai chochote. Juzi nilichora upya ramani yangu nikakirudisha kijiji bondeni, kama ulivyosema kilivyokuwa. Mto wako ukateremka kutoka mlimani hadi ziwani bila mimi kubadili kona hata moja. Hesabu zote ziko kwenye karatasi niliyoikunja humu, na chini yake nimeandika kwamba kosa ni la aliyekihamisha kijiji, si la aliyeuchora mto. Ibandike pale kwenye birika. Usidhani nakusifu, hivyo ni vipimo tu.

Ukiniandikia barua ya kamati nitashukuru. Usiponiandikia sitakulaumu, maana kila mtu ana ngazi zake.

Mchora ramani

*

24 Machi

Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Nidhamu, Ofisi ya Upimaji Ardhi

KUH: BONDE LA MWANGWI

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Bonde la Mwangwi halipo. Nathibitisha hivyo kwa sababu nililitengeneza mimi, milima, mto na Kiwanja Namba 14, ambako nyumba iliungua kwa moto wa joka. Lote limo ndani ya gemu linaloitwa Bonde la Mwangwi, Sehemu ya Pili. Naambatisha nakala ya ramani aliyotuletea mchora ramani wenu pamoja na bahasha yake. Tazameni tarehe ya posta. Siku nane baadaye ndipo mwalimu alipopewa kiwanja. Tafadhali mpeni mwalimu pole zangu, na mwambieni kwamba hata Kilele angekifikia, joka lina sura mbaya.

Nimesikia mchora ramani wenu anatuhumiwa kughushi. Kuhusu hilo nina ushahidi mwingine, nao unaniaibisha, lakini nautoa.

Barua hii aliniomba tarehe 26 Februari. Sikuiandika. Nilimwambia nitaiandika endapo naye ataniandikia uongo mdogo wa mistari miwili, kwamba mto wangu niliouchora haupandi mlima. Mto unapanda mlima. Yeye anajua, na mimi najua. Uongo huo usingemdhuru mtu, wala ninyi msingeujua milele. Alijua kazi yake inategemea barua hii na mhuri uko kwenye droo yangu. Akakataa. Kisha akanitumia bure hesabu za kunitetea kwa bosi wangu, bila kusubiri kuona kama mimi nitamtetea kwenu.

Mimi si mtu wa kamati na sheria zenu sizijui. Ninachojua ni kwamba nilimpa nafasi ya kughushi, tena nikamsukuma aichukue, na hakuichukua.

Nimepiga mhuri mara mbili, kwa sababu wa kwanza ulipinda.

Mchora nchi wa Bonde la Mwangwi

*

2 Aprili

Dada,

Jana nilirudi mezani kwangu.

Nikueleze ilivyokuwa, maana bila wewe nisingekuwa na la kueleza. Tulikaa katika chumba cha mikutano, wao watano upande mmoja na mimi peke yangu upande wa pili. Mwenyekiti alisoma barua yako kwa sauti. Alipofika pale unaposema "Akakataa", alisimama, akavua miwani, akaifuta, akarudia sentensi ile. Nilitazama meza. Sijui kama unaelewa mtu anavyojisikia akisikia aliyoyafanya nyumbani kwake yanasomwa mbele za watu, tena na mtu asiyemjua. Niliona haya, na chini ya haya nilifurahi.

Mwalimu mstaafu naye alikuwepo. Aliomba kusema neno, mimi nikajua leo nimekwisha. Akasema amefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, na siku ya kwanza tu aliona kwenye mistari ya mwinuko kwamba mto unapanda. "Lakini niliona sahihi ya mkuu," akasema, "nikadhani serikali ina mpango wake." Mwenyekiti akamgeukia mkuu, akamuuliza kama na yeye aliona. Mkuu alikohoa mpaka akaletewa maji.

Nimepewa onyo la maandishi kwa kutumia karatasi ya ofisi, nami nimelitia sahihi kwa moyo mweupe. Karani ameambiwa asichukue karatasi mezani kwa mtu asiyekuwepo. Mkuu ameambiwa asome. Mwalimu amepata kiwanja cha kweli, kiko karibu na kisima, na mimi ndiye nilikwenda kumwonyesha mipaka. Tulipanda miche yote, isipokuwa miwili iliyokauka njiani kwenda kwa joka.

Sasa, dada, kuna kitu nilikuficha.

Katika barua yangu ya kwanza nilisema mazuri mawili, joka na kobe. Wakati ule sijafika sura ya saba. Nilifika mwisho wa Februari. Ni ile Binti anaporudi nyumbani kwa mama yake baada ya miaka yote ile, na mama hamtambui. Mshale unapotea. Farasi ananyamaza. Hakuna adui, hakuna mlango wa kufungua, kuna karo la vyombo tu na mama amempa mgongo. Nilidhani gemu limeharibika. Nikataka kuzima, mama mkwe akaniambia, "Hebu osha." Tukaosha. Chungu kimoja, cha pili, cha kumi. Cha ishirini na tatu kilipowekwa juu ya kichanja, mama, bila kugeuka, kwa kusikia mlio wake tu, akasema, "Hivyo ndivyo alivyokuwa anavifunika mwanangu, mdomo chini."

Nilikuwa nimekwisha kuandika karatasi nzima kuhusu sura hiyo nikutumie. Kisha ikaja barua yako ya mkono mtupu, nikaichana. Kama ningekusifu siku ile ungesema nanunua mhuri, na mimi mwenyewe nisingekuwa na uhakika kama siununui. Leo huna cha kunipa na mimi sina cha kuomba, kwa hiyo naweza kusema. Sijui aliyeitunga ni wewe au mwenzako. Kama ni mwenzako mfikishie. Katika Sehemu ya Kwanza yote, niliyoimaliza mara sita, hakuna kitu kinachoifikia sura ile. Nililia, dada. Nililia mbele ya mama mkwe wangu, na yeye akalia mbele yangu, na tangu siku hiyo ananiita mwanangu.

Wako,
Mchora ramani, meza ya tatu